Haja Niliyoipeleka Maombini

Nilipoanza staji, yale mazoezi ya kazi, ya ushauri wa wanafunzi, nilikuwa nimeshafundisha miaka kumi na moja hapa Bunia, na nilijiona najua yote. Chuoni profesa alikuwa akiturudilia maneno haya kila juma: anachosema mwanafunzi ndani ya ofisi kinabaki ndani ya ofisi. Niliyaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, tena kwa rula.

Shuleni walinipa chumba kidogo cha kuwekea chaki, nikatia viti viwili. Juma la tatu akaja msichana wa mwaka wa tano. Familia yake ilikimbia vita huko Fataki, naye alikuwa anaishi kwa shangazi yake. Alizungusha kifungo cha blauzi. Kisha akasema kwamba tangu wakimbie anakojoa kitandani, na ana miaka kumi na sita. Shangazi peke yake ndiye anajua. Wenzake wakijua, ataacha masomo.

"Mama, musiambie mutu," aliniambia.

Nikamjibu kwamba mimi ni kaburi. Kaburi gani, mimi!

Jumatano nilikwenda kwenye kikundi chetu cha maombi, siye wamama wa kanisa. Kwetu kila mmoja anatoa haja yake ya kuombewa, na haja haitolewi nusu, juu tunasema Mungu anataka maombi yenye kulenga. Zamu yangu ilipofika nikasema nina mtoto mmoja shuleni, jina sitaji. Nikataja darasa. Nikataja Fataki. Nikataja godoro. Wamama wakaguna kwa huruma, na mmoja akanishika mkono, akasema Mungu amenipa kazi nzito. Nasema ukweli: nilipenda kusikia vile. Sikuwa namwombea mtoto tu, nilikuwa najionyesha, na mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Mmoja wao alikuwa na binti katika darasa lile lile. Labda alimwambia ili naye aombe, sijui, na si yeye aliyekuwa ameahidi. Jumatatu, msichana alipoingia darasani, alikuta wenzake wamemtandikia kipande cha turubai kwenye benchi lake, ile wanayogawiwa wakimbizi. Mkuu wa shule alinieleza kwamba hakulia. Alichukua mkoba wake, akatoka, na kesho yake hakurudi.

Nilingoja siku nne kwa woga, ndipo nikaenda kwao. Shangazi alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanishukuru kwa kumjali mtoto. Hakujua kitu cha yaliyotokea darasani. Msichana alikuwa ameketi karibu na mlango anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuniinulia macho. Nilitaka kusema kwamba ni mimi niliyelitoa lile neno. Ulimi ule ule uliokimbia Jumatano sasa ulikataa hata kusogea. Nikaongea habari za mitihani, nikamwambia arudi darasani, kama vile mimi ndiye wa kumwambia hivyo.

Nilipoinuka kwenda, shangazi akaniomba nimwombee mtoto kwanza. Tukasimama watatu. Shangazi akafumba macho, nami nikafumba, nikavuta pumzi kama nilivyozoea. Kabla sijatoa neno, nikamsikia msichana akisema polepole, kwa adabu yote:

"Mama, leo muombe kimya."