Mikono ya Fundi Chokaa

Mume wangu ni mbishi. Naanza na hilo kwa sababu mtu akipatwa na mkasa, watu hukimbilia kumpamba: oh, mpole, oh, mnyenyekevu. Mpole wapi! Fundi Chokaa anaweza kubishana na mvua. Lakini kazi yake aliijua, hilo simnyimi.

Alikuwa akitengeneza mapambo ya dari: mikanda inayozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari, na maua makubwa ya katikati panaponing'inia taa. Yote kwa chokaa, kama alivyofundishwa na baba yake. Aliizima mwenyewe kwenye shimo nyuma ya nyumba. Ukiimwagia maji inachemka, inatoa moshi, hata kuku wanakimbia. Ikishapoa imepoa, haikuunguzi tena. Aliiacha ilale humo miezi, kisha akaipandisha ukutani na kuiburuta taratibu kwa bati lililokatwa umbo la mkanda. Kwa kazi hiyo tulisomesha watoto.

Halafu likaja povu. Lile gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya, siku hizi kiwandani wanalifanya mikanda na maua. Wanakuja vijana wawili na kisu na gundi, kabla ya chakula cha mchana sebule imekwisha. Mume wangu alikuwa akiingia nyumba za watu analibonyeza kwa kidole. "Hii si dari," anasema, "huu ni mkate." Sawa, mkate, lakini simu yake ilinyamaza. Mkono mtupu haulambwi. Hata wale waliokuwa wakimwita mkwe kwa utani walianza kutupita bila salamu.

Ndipo akaja dada mmoja anayepanga mapambo ya ndani ya nyumba za watu.

"Shikamoo, fundi. Kuna hoteli inataka mikono ukutani, imeshika taa. Mikono ya mtu hasa. Kiwandani hawana."

"Marahaba, mwanangu. Watakuwa nayo wapi? Povu lina mishipa?"

"Ila iwe ya jipsamu. Chokaa itatuchelewesha."

Jipsamu, ule unga wa jasi unaoganda haraka, alikuwa hajaugusa maisha yake yote. Aliudharau. Lakini alijua akiikosa kazi hiyo hatapata nyingine, basi akanunua mfuko. Kalibu, lile umbo la kumiminia, angelitoa kwenye mikono yake mwenyewe.

"Unaijua hiyo kitu?" nikamuuliza.

"Unga na maji, mke wangu. Hospitali si wanafunga watu miguu kwa hiyohiyo?"

Nilimpaka mafuta ya mgando mpaka viwiko. Akanionyesha namna ya kulaza uzi juu ya kila mkono: uji wa jipsamu ukianza kuganda, nivute uzi, ukate kalibu vipande viwili, mikono itoke. Akakoroga uji mzito, akagusa ndoo kwa nje. "Umeona? Wala haijachemka. Imekwisha poa." Kwa chokaa joto huja mwanzo, likipita limepita. Mazoea yana tabu jamani! Akatumbukiza mikono yote miwili, vidole vimekunjuka nusu, akaisubiri igande.

"Nivute?"

"Bado."

"Nivute, baba?"

"Bado, wewe mwanamke! Chokaa haiendeshwi mbio."

Lakini haikuwa chokaa, ilishaganda! Aliposema vuta, nilivuta, uzi ukakatika. Nikavuta wa pili, nao ukakatika. Nikacheka, Mungu anisamehe, naye akacheka. Akasema humo ndani kuna kajoto katamu kama maji ya kuoga. Kisha akaacha kucheka.

"Inazidi."

"Inazidi nini?"

"Moto. Mama watoto, inazidi moto!"

Nilipasua ndoo kwa kisu, ndani likabaki jiwe jeupe limemshika. Nikachukua nyundo. Naye analia machozi, anapiga magoti, na bado ananifokea: "Piga pembeni! Usipige katikati!" Mpaka leo sijui alikuwa anaogopea vidole au kalibu. Nilipiga nikilia, majirani wakaja, jiwe likapasuka vipande vikubwa. Mikono ilitoka imevimba, myeupe mahali ambapo haikupaswa kuwa myeupe.

Hospitali walijaribu wiki nzima, kisha wakakata vidole. Wa kulia ukabaki na gumba, wa kushoto gumba na nusu ya kile cha shahada. Alipozinduka, neno lake la kwanza unalijua? "Vile vipande vya kalibu umeviweka wapi?" Nilitaka kumpiga kofi kitandani palepale.

Lakini nilikuwa nimevihifadhi. Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda na bandeji zake, akaniamuru: panga hiki na hiki, paka mafuta, funga kamba, mimina jipsamu polepole hewa itoke. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufanya kazi yake, na ndiyo mara ya mwisho. Tulipobandua, jamani, ilikuwa mikono yake kabisa, hadi mikunjo ya kucha. Alinituma niiguse yote, nimwambie kama kuna tundu. Nikamwambia hakuna. Yule dada alipokuja alilia mlangoni, akaomba apewe kalibu pia. "Mpe," mume wangu akasema. "Mimi nitalifanyia nini?"

Mwaka uliofuata tulikwenda kliniki mpya, mume wangu kifua kinambana. Tukakaa kwenye benchi la korido. Nilipoinua macho, ukuta mzima una mikono imeshika taa, huku na huku. Kidole cha mwisho cha kushoto kimepinda kwenye kila taa, kama chake kilivyokuwa tangu abanwe na mlango utotoni. Nikasimama nikakibonyeza. Kikabonyea. Kiwanda kilikuwa kimeinakili.

"Ni yangu?" akauliza.

"Ni yako."

"Povu?"

"Povu, baba."

Nilisubiri atukane, nami nilikuwa tayari kutukana naye mpaka watutoe nje. Muuguzi akafungua mlango, akamwita, akamwambia avue shati daktari asikilize kifua. Mume wangu akanigeukia, akainua kidevu, akangoja nimfungue vifungo.