Chumba cha Mbele

Jina la dada yangu hakuna anayelikumbuka tena. Ni Bi Funguo, hata kwa muuza maji. Kiunoni ana rundo la funguo linalomtangulia popote aendapo. Ukilisikia ujue kuna shuka litakunjuliwa au kuna mtu atasemwa. Nyumba tuliyoachiwa na wazazi iko karibu na bahari, na yeye ndiye anayepangisha vyumba kwa watu wa likizo. Mimi napika. Yeye ananisema chumvi, mimi namsema roho mbaya, na hivyo ndivyo tumezeeka.

Msimu ukiisha wageni huondoka, na kwa mwezi mzima nyumba inakuwa yetu. Usidhani tunapumzika. Bi Funguo huanika magodoro yote, hupaka bawaba mafuta kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma na chuma, hufua hata mapazia ambayo hayajachafuka. Anajipa jambo moja tu: anahama kile kistoo chetu cha nyuma ya jiko, analala chumba cha mbele kinachotazama maji. Mwaka mzima anakisubiri.

Safari hii mwanawe wa pekee alikuja. Ni fundi wa friji mjini, mtu wa maneno machache. Hata chai hajamaliza, akasema lililomleta.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Umechoka. Nyumba mwachie mama mdogo, au tuifunge. Mwezi ukiisha tuondoke mimi na wewe."

Mama mdogo ni mimi. Nikajitia kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Kusema kweli, niliogopa. Miaka yote nalalamika kwamba dada ananipelekesha, na siku ya kusikia ataondoka, nikaisugua ile sufuria upya.

Dada alisema tu, "Tutaona," akaenda kutoa taulo. Chumba cha mbele akampa mwanawe, yeye akarudi kistooni kunikoromea.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Kitandani aliweka taulo zilizokunjwa, na juu yake kisabuni kwenye karatasi. Asubuhi anabisha hodi, anasimama nje, anauliza chai iletwe saa ngapi. Kijana akienda kuogelea, akirudi anakuta shuka limekazwa mpaka huwezi kupenyeza kidole. Hata kikombe chake hakuruhusiwa kuosha. "Acha, acha, umekuja kupumzika," dada anasema, kwa ile sauti laini anayowatolea wapangaji. Mimi sijawahi kuipata sauti hiyo hata nikiwa na homa.

Alidhani anamdekeza. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, kumbe mtoto alikuwa anazidi kunyong'onyea kila siku.

Asubuhi moja akaja jikoni na kile kisabuni, bado kiko kwenye karatasi yake. Akakiweka mezani mbele ya mama yake.

"Mama, mimi ni mgeni wako?"

"Mgeni kivipi? Nakutunza."

"Unanitunza kama unavyowatunza wao. Nilipokuwa mdogo, wageni wakizidi ulinihamisha. Leo hapa, kesho pale, msimu ukipamba moto nalala chini ya meza hii. Sikukasirika, nilijua tunatafuta riziki. Lakini sijawahi kuwa na chumba nyumba hii. Njoo kwangu. Kule angalau nitajua naishi na mama yangu."

Nilingoja dada amkate kauli kama anavyonikata mimi. Akakichukua kisabuni, akakirudisha kabatini, akatoka kwenda kuanua mapazia. Machozi yalikuwa yanamlenga, na mimi pia.

Hakubisha hodi tena. Baada ya siku chache nikamsikia akimfokea kwamba mwanamume mzima anaacha taulo mbichi kitandani. Kijana alicheka mpaka chai ikampalia.

Mwezi ukaisha. Dada alimsindikiza hadi langoni, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, halafu akarudi peke yake. Nilishusha pumzi, kisha nikamwonea huruma yule mtoto. Nikamwambia dada amemvunja moyo. Akaniambia nikaangalie chungu changu.

Msimu ulipoanza, wakaja mume na mke ambao kila mwaka huchukua chumba cha mbele.

"Samahani, kile kina mwenyewe," dada akasema.

Mke akachungulia dirishani. "Mbona hakuna mtu? Hata kitanda hakijatandikwa."

"Ndivyo alivyokiacha. Ameenda kazini."

Akawapeleka chumba cha upande. Mimi nikabaki nimeduwaa, maana dada yangu na kitanda kisichotandikwa haviwezi kukaa nyumba moja. Aliporudi nikamwambia anipe ufunguo nikafagie angalau.

"Sina," akasema. "Anao mwenyewe." Kisha akaonja mchuzi wangu, akanisema chumvi.