Mia ya Mzee Hamadi

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso kwa kiganja, na mkicheka chekeni taratibu, kidonda bado kibichi. Mimi Bakari, fundi wa tovuti wa Ukunda nzima (hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiita), niliaibika mbele ya baraza la wazee kwa sababu ya adabu. Naam, adabu ndiyo iliyoniponza.

Mzee Hamadi ana nyumba ya wageni huko Msambweni, na ana binti aitwaye Mwanasiti, na mimi nilikuwa nataka kuposa, kwa hiyo aliposema anataka mgeni abonyeze kitufe kwenye tovuti na simu ilie ofisini kwake, nilijitolea kabla hajamaliza kusema. Kazi yenyewe si kubwa. Unaingia kwenye paneli ya tovuti, sehemu ya DNS, yaani daftari la anwani za mtandaoni, unaweka rekodi ya SRV, ambayo ndiyo inayoielekeza simu iende kwenye mashine gani. Nikaweka mbili: moja ya mashine ya ofisini kwa mzee, nyingine ya mashine ya akiba, ya kupokea simu umeme ukikatika Msambweni, nayo niliiacha nyumbani kwetu Kikoneni, kando ya kiti cha mama.

Sasa kila rekodi ina kisanduku cha kipaumbele, unaandika namba. Nikawaza, huyu ni mzee, tena mkwe inshallah, nitampaje namba ndogo? Nikampa mia. Ile ya kwetu, kwa unyenyekevu, nikaipa kumi. (Maelezo yalikuwa pale pale chini ya kisanduku, kwamba namba ndogo ndiyo inayoitwa kwanza, lakini nani anasoma maelezo akiwa na mapenzi?)

Siku ya kuzindua, baada ya alasiri, mzee akawaalika wazee wenzake kwa kahawa na kaimati, akabonyeza kitufe mwenyewe kwenye simu yake, sauti juu kabisa. Sote tukageuka kuitazama simu ya ofisini. Kimya. Badala yake, mkononi mwa mzee ikatoka sauti ninayoijua tangu utotoni.

"Haya, Bakari, huyo mzee mkali ameshalainika, au bado amekunja uso kama aliyelamba ndimu?"

(Mashine ile nilikuwa nikiijaribu mimi tu, kwa hiyo kwa mama kila ikilia ni mimi.) Wazee wakacheka hadi kahawa ikamwagika, na Mzee Hamadi, wallahi, alikuwa amekunja uso vile vile. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama," nikasema, "mzee mwenyewe anakusikia."

Akabadilisha sauti papo hapo. "Asalaam aleikum, baba Mwanasiti. Mwanangu ni mtu mwema, ila ana haraka. Mvumilie."

Nikakimbilia kompyuta nikazibadilisha namba, lakini kwa mbwembwe zangu nilikuwa nimeiandika rekodi ikumbukwe na mitandao kwa siku nzima kabla ya kuulizwa upya, kwa hiyo simu za wageni ziliendelea kulia Kikoneni, na mama akazipokea zote, akiwauliza watu hali za watoto wao na kuwaahidi wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi usingizi sikuupata. Nilijua Mwanasiti nimeshamkosa.

Kesho yake mzee akaniita. "Shikamoo," nikasema, macho chini.

"Marahaba. Vyumba vimejaa, Bakari. Kuna familia inatoka Mackinnon Road wanakuja kumtafuta mama wa samaki wa kupaka." Akanitazama, ndimu ile ile usoni. "Mwambie mama yako aje Ijumaa tuzungumze habari za Mwanasiti. Wewe baki nyumbani upokee simu zitakazopotelea huko."

Nikabaki, nikapokea, na posa ikakubaliwa bila mimi kuwepo. Mpaka leo, tangu nilipowaeleza kosa langu la namba, kwa wakwe naitwa Kumi, hata na watoto. Basi nimeapa: heshima ya Mzee Hamadi nitaitoa kwa shikamoo na kwa kumbebea mizigo, ila kwenye paneli namwandikia sifuri, wala simwambii.