Kendi Alipoulizwa Kwao

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya watoto, Embu, afisa mkuu wetu, tuliyemwita Madam, alinionyesha kiti changu na kunipa kanuni moja. "Hapa hatutafuti mzazi mzuri. Tunatafuta mtoto yuko kwa nani." Nikamuuliza tutajuaje. "Si una digrii? Utauliza."

Kazi yenyewe ilikuwa mapitio ya matunzo. Wazazi wakitengana, hukubaliana mbele yetu nani atakaa na mtoto, na mwingine atatuma nini. Mtoto akihama, makubaliano hayo hayafai tena, basi tunawaita wote na kuyapitia upya.

Baba Kendi, muuza vipuri wa Makutano, Meru, alidai binti yake sasa anakaa kwake, hivyo asidaiwe matunzo tena. Mama Kendi, wa mtaa wa Dallas hapa Embu, alikana. Alipopata kazi ya zamu ya usiku alimpeleka Kendi kwa mama yake mzazi, kijijini Gachoka, na huko ndiko anakosoma. Meru alienda likizo tu. Nyanya huyo, shosho kama Kendi alivyomwita, alikuwa amekaa kando ya mtoto.

Madam akamgeukia mtoto. "Kendi, kwenu ni wapi?"

"Meru."

Baba akapiga paja. "Si mmesikia? Mtoto hadanganyi!"

Madam akashika kalamu. Shosho akainamisha kichwa.

"Madam," nikasema, "hata mimi ukiniuliza kwetu nitasema Meru, na nyumba yangu iko Dallas." Huku kwetu, kwenu ni kwa baba yako, hata kama hujawahi kulala huko.

"Haya, profesa. Uliza wewe."

"Kendi, usiku ukisikia kiu, unaita nani?"

"Shosho."

"Na Meru je?"

"Huko ni kwetu. Lakini sisi hukaa kwa shosho."

"Si bado ni kwao!" baba akalalamika.

"Hakuna anayekunyang'anya, Baba Kendi," Madam akasema. "Kwao patabaki kwao. Lakini ugali anakula Gachoka."

Tukaamua wazazi wote wawili wampe shosho matunzo, yeye ambaye makubaliano ya kwanza hayakumtaja hata kidogo.

Tangu hapo nilianza kumwita anayeishi na mtoto kabla ya kuwaita wazazi. Nilipohamishiwa Meru, mkuu wa huko aliniambia ninapindua utaratibu. Nikamuuliza uliwekwa na nani. Labda ndiyo maana niliacha kazi mapema, kabla ya kuota mvi.

Majuzi shosho alinipigia simu. Mama Kendi amepata kazi ya mchana, anamtaka mtoto wake. Je, anaweza kukataa?

"Shosho, mimi niliacha hiyo kazi."

"Sijakuuliza hiyo."

Nikamwambia ukweli: kumzuia mama hawezi, ila ni lazima yeye pia aitwe ofisini na asikizwe.

Akasema, "Basi watuite. Nitamvisha Kendi sweta. Huko Embu ni baridi."