Bondia Aliyefuta Ubingwa Wake

Nilimfahamu kwanza kama mume wa nesi. Mkewe ni mwenyeji wa Riruta, mtaa wetu hapa Nairobi. Alifanya kazi huko Ayalandi miaka mingi, na walipostaafu wote wawili akamleta mumewe nyumbani. Mzee huyo Mwairishi alikuwa na pua iliyopinda na mabega ya mtu aliyebeba magunia maisha yake yote. Tulikuwa tukikutana asubuhi kwenye Barabara ya Naivasha, mimi nikielekea kazini, yeye akitoka kununua maziwa, naye akinisalimu kwa Kiswahili alichofunzwa na mkewe, "Umeamka salama, mama?" Kila Jumamosi aliwafunza vijana ndondi katika ukumbi wa kanisa letu. Nilijua hayo tu.

Mimi ni fundi wa mashine katika duka la uchapishaji, River Road. Mwaka juzi mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alikuja kuagiza mabango mia mbili ya mashindano ya vijana hao. Alileta picha ya mzee akiwa kijana, glavu mkononi, na chini yake alitaka maneno BINGWA WA ZAMANI WA DUNIA. Nikachapa. Akachukua machache akaenda kuyabandika mtaani, mengine akasema atayafuata baadaye.

Kesho yake, kabla ya saa sita, mzee aliingia dukani jasho likimtoka. Alikuwa amebandua bango moja kwenye ukuta wa buchari ya Riruta. Akalitandaza mbele yangu.

"Mama, hii picha ni mimi. Haya maneno si mimi."

Nilimwambia mimi huchapa ninacholetewa tu.

"Najua. Sijakuja kugombana. Nilipigania mkanda wa nchi yangu mara moja, si wa dunia. Raundi ya pili nikalala chini."

Mashine ilikuwa na kalenda za watu, kwa hiyo kuchapa upya siku hiyo hakukuwezekana. Nikamweleza. Akaomba kalamu nene nyeusi, akaketi juu ya katoni ya karatasi, akaanza kufuta yale maneno, bango moja baada ya jingine, na kuandika pembeni: "bondia wa zamani". Vidole vyake havikunyooka vizuri, kwa hiyo kila herufi ilimchukua muda. Baada ya mabango kama kumi nilishindwa kumtazama tu. Nikachukua kalamu ya pili, nikaketi karibu naye.

"Mzee, kwani kuna ubaya gani?" nikamuuliza. "Ayalandi ni mbali. Nani hapa angejua?"

Hakuinua kichwa. "Yule aliyenipiga bado yuko hai. Muuza samaki. Alikuwa bora kuliko mimi, na alinitembelea hospitalini siku tatu mfululizo. Nikiwa mimi ndiye bingwa, yeye tutamweka wapi?"

Tulikuwa tumefika katikati mwenyekiti alipoingia. Aliona wino, akashika kichwa.

"Mzee, umeniua! Nani atatoka kwake kuja kuona bondia tu?"

"Mke wangu atakuja," mzee akajibu, akaendelea kuandika.

Nilicheka hadi machozi. Mwenyekiti naye mwishowe akacheka, akavua koti, akashika kalamu.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Mtangazaji, aliyekuwa ameona yale mabango ya kwanza mtaani, alimwita "bingwa wetu wa dunia". Mzee akanyanyuka polepole, akaomba maikrofoni.

"Mimi nilishindwa," akasema. "Lakini hawa vijana mliokuja kuwaona wamefanya mazoezi miezi sita mvuani. Tazameni hawa." Akaketi. Makofi yalikuwa mengi kuliko yale ya ubingwa, na msichana aliyekuwa wa kwanza kupanda ulingoni alipigana kama mtu aliyetajwa kwa jina.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na aibu kidogo. Wanawake wa kikundi chetu cha kanisa walikuwa wakiniita "mwenye duka". Sikuwahi kuwaambia hivyo, ila sikuwahi kuwakatiza pia. Nililionea jina hilo raha. Mkutano uliofuata, tulipokuwa tukinywa chai, niliweka kikombe chini.

"Jamani, lile duka si langu. Nimeajiriwa pale. Mimi ni wa mashine."

Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akamega mandazi yake.

"Dada, si tunajua," akasema. "Mwenye duka ni binamu ya mume wangu. Anasema bila wewe angekuwa amefunga zamani. Hebu nipitishie sukari."