Mpishi Anayelipwa Asipike Kitamu

Saa nne asubuhi jikoni kunanukia vizuri, na mpishi amenuna.

Anachota tambi kidogo kwa uma, anapuliza, anaonja. Anaonja tena huku amefumba macho. Kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyepokea habari mbaya.

"Zimekuwa tamu," anasema. "Nyama ya leo ina mafuta mengi. Haya, tunaanza upya."

Sufuria nzima inakwenda kwa walinzi wa getini, ambao hawajawahi kulalamika. Yeye anatoa nyama nyingine kwenye friza, anaweka bakuli juu ya mizani na kuanza kupima: nyama ya kusaga, nyanya ya kopo, chumvi, maji. Kila kitu kwa gramu. Wauguzi wa hapa humwita Bi Mizani, na jina limemkaa kiasi kwamba huitika kabla hajakumbuka kuwa analo jingine.

Jiko lake ni dogo. Lina sinki, rafu ya sahani nyeupe zinazofanana, na kidirisha ukutani cha kupitishia chakula. Upande wa pili wa kidirisha wamekaa watu wenye kisukari, kila mmoja na meza yake, wanasubiri kula tambi mpaka watosheke. Kazi yao ni hiyo, kula. Kazi ya Bi Mizani ni kuhakikisha tambi za leo hazipishani na za mwezi uliopita. Zisiwe mbaya mtu akazisukuma kando, wala zisiwe tamu mtu akapitiliza.

Mwandishi wa makala haya alizionja. Hazina kosa, wala hazina sifa.

Kwa mwanamke aliyepika hotelini miaka kumi na tisa, ambaye watu walisogeza tarehe za harusi ili wampate, hilo si jambo dogo. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi alikaa nyumbani miezi saba, akiwaokea majirani mikate kwa faida isiyotosha hata nauli. Aliposikia kituo cha utafiti kinatafuta mpishi, alikwenda amevaa nguo yake nzuri na kubeba bakuli la kuonjesha.

"Daktari akaonja, akasifu, akafuta mdomo," anakumbuka. "Halafu akaniambia, mama, hiki hatukitaki kabisa."

Daktari huyo ndiye anayeongoza utafiti. Ni mwanamke mwembamba anayeongea taratibu, na siku ile alimweleza mpishi wake mtarajiwa kitu ambacho Bi Mizani hajakisahau mpaka leo.

Alimwambia kwamba kongosho haitoi insulini peke yake. Seli zilezile zinazotoa insulini hutoa pia homoni nyingine, ndogo na isiyo na jina kubwa mitaani, iitwayo amilini. Hiyo huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupeleka ujumbe kwenye ubongo kwamba sasa inatosha, weka uma chini. Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza seli hizo zimeharibika. Insulini atachomwa kwa sindano kila siku. Amilini wengi hawaipati kabisa.

"Nikamuuliza, kwa hiyo mtu huyo anakula lakini hajui ameshiba? Akasema, kwa baadhi yao, huenda. Ndiyo tunataka kujua." Bi Mizani anapunguza moto, anafunika sufuria. "Nikainuka pale sina hata habari na mshahara. Nilikuwa namfikiria mdogo wangu."

Mdogo wake wa tumbo moja ana miaka thelathini na minne na anafanya kazi ya kupokea vifurushi posta. Nyumbani anaitwa Kapu. Alipokuwa na miaka tisa alianza kunywa maji kama anazima moto, akakonda, akapelekwa hospitali amebebwa mgongoni. Tangu hapo ni sindano. Na tangu hapo, anasema dada yake, sahani mbele yake haikuwahi kubaki na kitu.

"Jina kapewa na shangazi yetu. Alisema huyu si mtoto, ni kapu, unatia unatia halijai. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mama akatia kufuli kwenye kabati la chakula. Hakuwa na ubaya, maskini. Sukari ikipanda alikuwa anaogopa kumzika."

Kapu mwenyewe, aliyepatikana posta nyuma ya rundo la vifurushi, halioni jina hilo kuwa tusi. Ana kicheko cha kuamsha foleni nzima. Lakini anapoelezea hali yenyewe sauti inashuka.

"Tumbo nalisikia limejaa, linavuta kabisa. Lakini kujaa si kushiba. Nikisimama mezani nasimama kwa aibu tu, kwa sababu wenzangu wamesimama. Ukimwambia mtu hivyo anaona wewe ni mlafi unatafuta maneno. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Jioni ile dada yake aliporudi kutoka kwenye usaili na kumweleza habari ya amilini, Kapu alicheka mpaka akashika meza.

"Nikamwambia, kwa hiyo miaka yote hii sikuwa mlafi, nilikuwa na upungufu. Haya, nenda kamwambie shangazi."

Bi Mizani alipata kazi. Mshahara ni karibu mara mbili ya ule wa hotelini, na anafika nyumbani jua lingali juu. Nusura aipoteze mwezi wa kwanza tu.

Ilikuwa siku ya mvua. Kupitia kidirisha aliwaona washiriki wamejikunyata kwenye masweta, wameshinda njaa tangu usiku kama masharti yanavyotaka, na huruma ikamwingia. Akakaanga kitunguu saumu. Kidogo tu, anasisitiza, akionyesha ncha ya kidole. Akakamulia na limau.

Sahani zote zilirudi nyeupe. Waliochomwa dawa inayojaribiwa na waliochomwa maji matupu, wote walikomba. Muuguzi mmoja aliomba mapishi. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Mizani akaitwa ofisini kwa kosa la watu kumaliza chakula.

"Matokeo ya siku nzima yalitupwa," anasema, na hapo hacheki. "Watu wale wakaja tena, wakashinda njaa tena, wakatobolewa tena kwa ajili ya mkono wangu. Nikaapa. Tangu siku hiyo limau halijaingia humu."

Miezi minne baadaye Kapu aliona tangazo la utafiti kwenye kliniki yake, akajiandikisha bila kumwambia mtu. Daktari alimkubali kwa masharti: dada asimpakulie, asimchungulie akiwa mezani, na kazini asiulize lolote juu yake.

Kila mshiriki hupitia awamu mbili, na kati yake hupumzika wiki kadhaa. Katika moja huchomwa kabla ya kula dawa iliyoundwa kufanana na amilini, katika nyingine maji yasiyo na dawa. Nani amepata nini na lini, hajui mshiriki, hajui muuguzi, na mpishi ndiyo kabisa. Muuguzi hukaa karibu akiangalia sukari isishuke ghafla, hupima kwenye mizani chakula kilichobaki, kisha sahani hurudi kidirishani kuoshwa.

Hapo ndipo damu ilipoizidi nguvu sheria. Tangu utotoni, Kapu akimaliza kula hukunja karatasi ya kufutia mikono pembetatu na kuichomeka chini ya uma. Bi Mizani hakuuliza kitu wala hakuchungulia. Lakini macho anayo.

Awamu ya kwanza sahani ya pembetatu ilirudi tupu, na upande wa pili akasikia muuguzi akiombwa nyingine. Bi Mizani akaiosha, akaipanga rafuni.

Awamu ya pili sahani ikaja na pembetatu chini ya uma, na nusu ya tambi juu yake.

"Niliiangalia sahani mara mbili," anasema. "Wazo la kwanza halikuwa dawa. Nilidhani nimeharibu chakula. Nikakimbilia sufuria, nikaonja. Ni tambi zilezile, mbovu vilevile. Nikasema basi mtoto anaumwa. Na kuuliza siruhusiwi. Hiyo siku niliosha sahani moja labda nusu saa."

Alipofika nyumbani Kapu alikuwa kwenye kochi, hajavua hata viatu.

"Tumbo linauma?" dada mtu akauliza, angali mlangoni.

"Wala."

"Kichefuchefu?"

"Hamna."

"Chakula kilikuwa kibaya?"

"Dada, chakula chako hicho ni kibaya kila siku. Mara ya kwanza nilikimaliza nikaomba kingine." Kapu akamtazama. "Nilikuwa nakula, nikafika katikati, nikaona basi. Hakuna aliyenizuia. Dada, nimeshiba."

Bi Mizani anasimulia haya akiwa amegeukia sinki.

"Nimepikia maelfu ya watu. Neno hilo nimelisikia mpaka nimelizoea, wengine wanalisema kwa adabu tu. Kwake nilikuwa sijalisikia tangu ana miaka tisa. Nilikaa chini pale mlangoni na mkoba wangu, nikalia kwa furaha, na yeye ananicheka."

Wiki chache baada ya asubuhi hiyo ya jikoni, utafiti ulifungwa na siri ya sindano ikafunguliwa. Daktari aliwaita ndugu hao wawili ofisini. Awamu ya pili, Kapu alikuwa amechomwa dawa.

Daktari ni mwangalifu asipake rangi mambo. Njaa ina sababu nyingi, anasema, hata sukari ikishuka mtu husikia njaa. Baadhi ya washiriki walipata kichefuchefu, wengine hawakuona tofauti yoyote, na hesabu za wote bado zinapitiwa. "Mtu mmoja si ushahidi, hata kama ni mdogo wake mpishi," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Lakini nikiulizwa kwa nini naamini kilichotokea kwenye sahani ile, nitasema ni kwa sababu ya jiko. Kama tambi za siku ya pili zingetofautiana na za siku ya kwanza, tusingejua aliyemshibisha ni dawa au ni dada."

Bi Mizani aliposomewa maneno hayo alijifuta mikono kwenye aproni na kusema kwamba kwa miaka kumi na tisa alisifiwa kwa mkono mtamu, na kumbe sifa kubwa ilikuwa inamsubiri kwenye mkono usio na ladha.

Dawa, kwa Kapu, imekwisha pamoja na utafiti, na kapu limerudi kuwa kapu. Yeye hana huzuni nalo. "Zamani nilikuwa natafuta kitu nisichokijua," anasema. "Sasa nakijua. Nikikutana nacho tena tutasalimiana." Utafiti mkubwa zaidi umepangwa kuanza mwakani, na ameshaandikisha jina. Shangazi ameambiwa. Aliomba radhi kwenye simu.

Dada mtu naye amekubali kurudi kwenye mizani kwa muda wote utakaohitajika, bila kitunguu saumu. Ana mpango wa baadaye, wa siku ambayo dawa ya aina hiyo itaweza kununuliwa na mtu wa posta. Ameshauchora kichwani mpaka kwenye viungo, na anapoueleza ndipo unapoona yule mpishi wa harusi hajaenda mbali.

"Siku hiyo nitampikia chakula kitamu kuliko vyote nilivyowahi kupika," anasema. "Nitampakulia sahani ijae. Halafu nitakaa mbele yake nimtazame anavyobakiza."