Boksi la Bi Verna

Hasira yangu na kampuni ya televisheni ya kebo haijapoa, na sina haja ya kuipoza. Watu huniambia, Merle, hayo ni ya mwaka tisini na saba, mitambo yenyewe imeshaozea jalalani, achana nayo. Siachani nayo. Anayetaka kujua kwa nini, akae nimsimulie habari za Verna Stallings, jirani yangu hapa Cypress Bend, kijiji chetu cha wastaafu, ambaye nyumba yake ya trela inatazamana na yangu. Huyo ni mwanamke aliyechambua machungwa kwenye kiwanda cha juisi mpaka alipostaafu, hakuwahi kumdhulumu mtu, na kampuni ile ilimfanyia unyama bila hata kumpandishia sauti.

Walitujia mwaka tisini na nne. Wastaafu wa Florida ya katikati tulionekana tunafaa kufanyiwa majaribio, maana tunashinda nyumbani, tunapenda televisheni na tunafungulia mlango kila anayebisha. Kila nyumba wakaiwekea boksi jeusi, zito ajabu, wakasema zama za kuikodolea macho televisheni kimya kimya zimekwisha. Sasa utaijibu. Utabonyeza rimoti uone filamu unayoitaka wewe, utabonyeza tena uletewe piza, na ukitaka utapiga kura. Siku ya uzinduzi walileta bendi ukumbini kwetu, tukapiga kura kwa rimoti kuchagua wimbo. Picha ikaganda. Bendi ikangoja, tukangoja, mwisho mpiga tarumbeta akaenda zake kula. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na nakiri kwamba siku hizo nilikuwa bado nawapenda.

Miaka miwili baadaye intaneti ikawa gumzo la kila mtu, kampuni ikaingiwa na hofu ya kuachwa nyuma. Wakatuletea kibodi isiyo na waya, ya kupakata mapajani, wakatangaza kwamba televisheni na intaneti sasa ni kitu kimoja. Hapo mambo yakanoga. Watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta wakaanza kuandikiana barua sebuleni, kwenye kioo kikubwa cha televisheni. Herufi zilikuwa kubwa kama za bango la barabarani, ikabidi tujifunze kufunga mapazia kabla ya kufungua barua. Bwana Purvis wa mwisho wa njia alichelewa kujifunza, na mambo yake na mjane wa Tampa tuliyasoma wote tukipita na mbwa wetu.

Verna mwanzoni hakuitaka kibodi. Alisema hana wa kumwandikia, na alidanganya, maana alikuwa na Curtis. Curtis alikuwa mwanawe wa pekee, mchomeleaji wa mabomba huko Alaska, na hawakuwa na maelewano tangu Curtis aliposhindwa kuja kumzika baba yake. Kila walipojaribu simu walianza kutupiana maneno kabla salamu hazijaisha. Lakini barua mtu anaiandika, anaifuta ukali, anaiandika upya. Verna akamwandikia mstari mmoja, kumuuliza kama anakula vizuri. Curtis akajibu kwamba anakula samaki mpaka amechoka. Wakaenda hivyo, kidogo kidogo, mpaka siku moja Curtis akaeleza kwa nini hakuja mazishini. Sijui alieleza nini. Verna hakuniambia na mimi sikumchokonoa. Nilichokiona ni kwamba alianza kuimba akianika nguo.

Februari ya mwaka tisini na saba lori la Curtis liliteleza kwenye barafu likatumbukia mtoni. Jeneza lilikuja kwa ndege, tukamzika ubavuni mwa baba yake.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Verna alifunga mapazia, akakaa na kahawa yake, akawasha televisheni na kusoma barua za Curtis kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye karatasi hakuwa nayo hata moja. Printa walizotugawia mwanzoni walikuwa wameshazichukua, eti wino unawagharimu. Mtu akimgongea asubuhi hakufungua mpaka amalize, na sote tulilijua hilo tukaliheshimu.

Novemba kampuni ikatuandikia. Majaribio yamekwisha, walisema, wakatuvisha kilemba cha ukoka kwa kutuita waanzilishi wa zama mpya, wakaongeza kwamba huduma itafungwa mwisho wa mwezi. Mafundi wangeanza mara moja kupita kukusanya maboksi. Kwetu walimtuma Roy Tillis, kijana yule yule aliyetufungia mitambo, ambaye amekula mezani kwa kila mtu hapa. Nilikuwa nimekaa barazani kwa Verna alipofika.

"Bi Verna, nimekuja kuchukua boksi."

"Na barua za mwanangu zilizomo?"

Roy alitazama kadi aliyopewa na kampuni. "Boksi ni mali ya kampuni, Bi Verna. Ndivyo nilivyoambiwa niseme."

"Sikukuuliza ni la nani. Ondoka, Roy, kabla sijakumwagia maji ya moto."

Roy akaondoka. Verna akaingia ndani, akachomoa nyaya zote, akalifunga boksi ndani ya blanketi na kulificha kwenye oveni, maana alijua hakuna mwanamume atakayefikiria kufungua oveni.

Nataka ieleweke kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa hapo. Sisi tulikua na vitu vinavyoonekana. Wimbo umo ndani ya sahani ya santuri, filamu imo ndani ya kaseti, barua imo ndani ya bahasha. Boksi lile likiwaka lilipata joto na kunguruma, paka wa Verna alikuwa analala juu yake. Ulikuwa ukibonyeza, barua inatokea. Sasa ingekuwa wapi kwingine? Kwa hiyo tulilinda. Tulileta viti vyetu vya kukunja, karanga za kuchemsha na chai baridi, akina mama wakaleta mabakuli ya mapishi yaliyofunikwa kwa foili kama tufanyavyo kwenye msiba, na tukakaa zamu barazani kwa Verna. Roy alirudi mara nyingi. Kila mara alisimama pale chini ya ngazi, akasema sentensi yake ya kwenye kadi, tukamzomea, akaenda. Na mwezi mzima Verna hakuzisoma barua zake. Alikuwa ananiambia atakuja kuzisoma kwa utulivu wakishakata tamaa.

Walikata tamaa mapema Desemba. Alikuja meneja mwenyewe na tai yake, akatutazama na viti vyetu, akacheka. Akamwambia Roy amwachie bibi boksi lake, halina kazi tena. Tulishangilia utadhani tumeshinda vita. Tukakaanga kambare, Bwana Purvis akatoa bia, na watu wakajazana sebuleni kwa Verna aliporudisha nyaya mahali pake na kuwasha.

Kioo kikawa bluu. Kikabaki bluu.

Verna akapiga simu kwa kampuni, akaweka spika ili sote tusikie. Akapokea binti mwenye sauti ya upole, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaeleza kwamba barua hazikuwahi kuwa ndani ya boksi. Zilikuwa kwenye kompyuta zao kubwa huko mjini. Boksi kazi yake ilikuwa kuzivuta na kuzionyesha tu. Zote zilifutwa huduma ilipofungwa.

"Kwa hiyo wakati wote nilipokuwa nimelificha," Verna akasema, "zilikuwa bado zipo?"

"Ndiyo, mama, mpaka mwisho wa Novemba. Ungewasha tu, ungezikuta."

Napata kazi kujizuia hadi leo nikikumbuka. Penseli! Penseli na daftari vingetosha. Tungeketi naye wote tukazinakili neno kwa neno, tulikuwa na mwezi mzima na hatukuwa na kazi. Meneja alijua. Aliyeandika ile kadi alijua. Walimtazama mwanamke aliyefiwa akilinda debe tupu, na hakuna aliyeona anastahili kuambiwa sentensi moja. Mwizi angalau anachukua kitu kwa sababu anakihitaji. Hawa hawakuzihitaji barua zile hata kidogo.

Roy alikuja baada ya wiki moja hivi, bila sare, kofia mkononi. Walikuwa wamemfukuza kazi pamoja na wenzake. Nilimwona nikavuka njia nikiwa nimekunja ngumi, na ningempiga, uzee wangu wote huu. Verna akanishika mkono. Roy akasema alijua tangu siku ya kwanza barua ziko wapi. Waliamriwa wasiwaeleze watu, wasije wakadai wahifadhiwie vitu vyao, na yeye alikuwa anaogopa kupoteza kibarua. Alikuwa analia. Mimi nilimwambia machozi yake akayamwage kwingine.

Verna hakumtukana. Alimuuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Roy, huko mjini kulikuwa na mtu anayesoma barua za watu?"

Roy akashtuka, akadhani sasa anatuhumiwa kwa hilo pia. "Hapana, Bi Verna. Naapa. Ilikuwa marufuku kabisa."

"Najua ilikuwa marufuku. Nauliza kama kuna aliyesoma. Labda kwa umbea tu, usiku hana kazi."

"Hakuna. Hakuna aliyezigusa."

"Yule anayezifuta, hakuchungulia hata moja?"

"Hazifutwi moja moja, Bi Verna. Mtu anabonyeza mara moja, basi."

Verna akaketi kwenye ngazi.

"Nilitaka awepo hata mmoja mwenye tabia mbaya," akasema. "Ningemwendea kwa magoti anikumbushe. Ile barua ambayo Curtis alinieleza kwa nini hakuja mazishini, maneno yake yameanza kunipotea."